Siwema na Ua Usiofika Gotini

Hapo zamani, katika mji wa Ungamo, alikuwako Sultani aitwaye Hilali, ambaye wageni walimtunukia mchezo wa video. Basi Sultani akaupenda mchezo ule hata akaacha kwenda barazani. Ndani yake mlikuwa na shujaa mwenye upanga, naye aliingia nyumba za watu bila hodi, akavunja vyungu vyao na kutwaa dhahabu iliyomo, wala hapana mwenye nyumba aliyeuliza neno. Sultani hakuona ajabu. Hata siku moja akapiga mbiu: "Lililo kweli mchezoni na liwe kweli Ungamo. Atakayelitengua atafungwa."

Asubuhi yake akaingia kwa Siwema, mfinyanzi mjane asiye na mbele wala nyuma, akavunja kwa bakora yake vyungu kumi na tisa. Siwema alikuwa amekaa na udongo mikononi, akitazama. Vile ndivyo alivyovitegemea kwa chakula cha mwezi ule.

Sultani akapekua vigae. "Dhahabu i wapi?"

"Bwana wangu, hivi ni vyungu vya kupikia."

"Mchezoni dhahabu imo daima. Umeificha. Ijumaa nitarudi, nisipoikuta utalala gerezani."

Siwema hakulia mbele yake. Sultani alipokwenda zake, Siwema akalia kidogo, kisha akanawa mikono akamwendea shemejiye, mfagizi wa jumba la Sultani, akamwuliza habari za mchezo ule.

"Shujaa yule huua majoka," shemejiye akasema, "lakini akifika penye ua usiofika hata gotini, hawezi kuuvuka. Hurudi nyuma kutafuta ufunguo."

"Naye Sultani husemaje?"

"Hasemi kitu. Hurudi akautafuta."

Ikawa Ijumaa Sultani akaja na waziri wake, akakuta mlango wa Siwema u wazi, na mbele yake ua wa vijiti wenye kilango kilichotiwa kufuli. Akainua mguu auvuke.

Siwema akasema taratibu, "Bwana wangu, mchezoni shujaa huuvuka ua kama huu?"

Sultani akaushusha mguu. "Hauvuki." Akafikiri. "Waziri, vuka wewe."

"Mimi, Bwana, nina watoto."

"Basi ufunguo anao nani?"

"Anao Mzee Faki, muuza chumvi sokoni," Siwema akajibu.

Wakaenda sokoni. Sultani akasema, "Mzee Faki, nipe ufunguo."

Mzee Faki, aliyekwisha kupatana na Siwema la kujibu, akajibu, "Mvua za mwaka huu zimechelewa."

"Nataka ufunguo."

"Mvua za mwaka huu zimechelewa."

"Amepatwa na nini huyu?"

"Bwana," waziri akanong'ona, "mchezoni watu wa sokoni wana neno moja moja tu."

"Kweli," Sultani akasema, akamwuliza tena.

Jua likapanda. Adhuhuri Sultani akarudi mikono mitupu, joho limelowa jasho, akaketi juu ya jiwe nje ya ua.

"Siwema, wale wa mchezoni vyungu vyao huvunjwa nao hawanung'uniki. Mbona wewe wanisumbua?"

"Bwana wangu, nimeambiwa vyungu vyao hurudi vyenyewe, shujaa akishatoka. Nami nimengoja tangu siku ile. Vyangu havijarudi."

Sultani akavitazama vigae vilivyofagiliwa ukutani, akavitazama kitambo kirefu. Kisha akakusanya joho lake, akainua mguu, akauvuka ua. Waziri alitazama mbingu.

"Nimelitengua," Sultani akasema, na kicheko kikamshika hata akajishika kiunoni. Akaifuta ile mbiu palepale, akaamuru chakula cha Siwema kitoke jikoni kwake hadi vyungu vingine kumi na tisa vipatikane.

"Nifundishe, nami nikusaidie," akasema.

Akavua joho, akakanyaga udongo hata alasiri, akafinyanga chungu kimoja. Kilipotiwa motoni kikapasuka, na Siwema hakumficha sababu: alikuwa na papara. Ndivyo ilivyokuwa Ungamo, nasi tuwaache hapo wakikanda udongo.