Uso wa Siwema na Kiti cha Somo

Haya, sogeeni. Anayekamua chunusi huko nyuma aache, nataka kuona mikono yote. Hadithi hii ina damu, na mwisho wake mtaniamulia nyinyi, maana mimi nimeshindwa.

Walikuwako majirani watatu, hakuna hata mmoja aliyejaliwa mtoto, wakamlea pamoja binti yatima aitwaye Siwema. Bi Mkejina alikuwa na pua: humfichi kilichomo chunguni hata ukifunike. Bi Riziki alikuwa na nguvu, wanaume wa mtaa ule wakimpisha njia. Bi Chiku alikuwa na subira, mtu wa kukaa na mgonjwa mpaka asimame.

Siwema akachumbiwa. Kwa desturi yao bibi harusi ana somo mmoja tu, mwanamke anayemfunda na kuketi naye siku ya harusi, naye humwita mama mpaka kufa. Wote watatu walikitamani kiti kile cha somo, kila mmoja kwa siri.

Harusi ikikaribia, uso wa Siwema ukajaa chunusi. Akajisugua singo, ule unga wa manukato wa maharusi, mpaka akachubuka. Akaenda kwa Shebe, muuza mkorogo wa kung'arisha ngozi sokoni, akapewa kopo lisilo na jina. Likamuunguza. Naye, mjinga wa watu, akasema ikiwasha ndiyo inafanya kazi, akaongeza. Kulipokucha uso umevimba, jicho moja halifunguki.

Bi Mkejina akalinusa lile kopo, akasema mna dawa ya kung'arishia nguo nyeupe humo. Siwema alikuwa bado anataka kupaka. Akamrukia, akamng'ata kidole mpaka kikabaki kinaning'inia. Bi Mkejina hakuliachia kopo. Akamburura mpaka bombani, akamfungulia maji usoni, akampeleka kwa daktari na kopo lake. Daktari akasema wangechelewa kidogo tu, jicho lingekufa. Kile kidole kilikatwa.

Shebe akasikia kwamba kopo lake limefika kwa daktari. Akaja na mwenzake mwenye panga, yeye kashika chupa ya maji ya betri, anaapa kuumalizia uso ule usije ukamshitaki. Bi Riziki alikuwa anatwanga, akawapokea na mchi. Mwenye panga akavunjwa goti, Shebe akavunjwa taya. Lakini kabla hajaanguka Shebe aliimwaga ile chupa, na Bi Riziki akauwahisha mkono wake mbele ya uso wa Siwema. Nyama iliungua mpaka kiwikoni. Polisi waliwazoa wale mabwana, ila mkono ule haukunyooka tena.

Bi Chiku akabaki na uso wenyewe. Watu wakaleta ndimu, dawa ya meno, hata majivu, akavitupa vyote nje. Akakubali maji, sabuni isiyo na manukato na mafuta mepesi ya daktari. Ngozi ilipofunga ndipo akaanza dawa ya chunusi, chembe ndogo tu. Kazi ilikuwa kucha za Siwema. Alikuwa akijikwaruza usingizini, basi Bi Chiku akawa analala amemshika mikono. Siku moja Siwema alimsukuma kwa nguvu, Bi Chiku akapiga kichwa kwenye ukingo wa kitanda. Tangu hapo hasikii kwa sikio la kushoto.

Uso ukapona, ukatakata. Kwa furaha Siwema akaapa mbele ya mtaa mzima kwamba aliyeuokoa uso wake ndiye somo wake. Mtoto huyo naye, hakufikiri!

Siku ya harusi wakaja watatu, kila mmoja na kanga mpya. Bi Mkejina akasema bila pua yake jicho lingekuwa shimo. Bi Riziki akasema jicho lenyewe lingeona nini kama ile chupa ingefika. Bi Chiku akasema wao walimwachia kidonda, uso kautengeneza yeye. Maneno yakawa makofi. Watu waliokula sufuria moja miaka yote wakachaniana nguo, damu ikadondokea mkeka wa bibi harusi.

Siwema akajitupa katikati, analia. "Mama, basi! Mama, mnaniua!"

Wakasimama, wanahema. Bi Chiku akageuza sikio lake zima.

"Umemwita nani?" akauliza.

Bwana harusi yuko mlangoni, kiti ni kimoja, na wote watatu wanamtazama Siwema mdomo. Haya, semeni. Ungekuwa wewe Siwema, ungemkalisha nani? Na wale wawili ungewatazama vipi?