Rimu Iliyokaa Kimya

Ajenda Namba Saba: Hali ya Rimu ya Lori Inayotumika Badala ya Kengele.

Ndivyo ilivyoandikwa kwenye karatasi ya kikao cha wazee wa kanisa moja dogo milimani Upare. Aliyenitumia habari hii hakusema ni kanisa gani, nami sikuuliza. Mambo mazito, kama rangi ya mapazia, yalikuwa yamekwisha kujadiliwa.

Mpiga kengele, Mzee Elinihaki, alisimama akasema rimu haina tatizo. Mwenye tatizo ni yeye.

"Tangu nimzike mwanangu Elieneza, nikiomba ni kama naongea na ukuta. Kila alfajiri nawaita watu waje kwa Mungu, na mimi mwenyewe sijui kama yupo. Naomba nipumzishwe."

Mwenyekiti akapekua karatasi zake.

"Mzee, hilo la Mungu kutokuwepo halimo kwenye ajenda."

"Basi liingie kwenye Mengineyo."

"Mengineyo hupokelewa kabla kikao hakijafunguliwa."

Ikaundwa kamati ndogo.

Alfajiri iliyofuata Mzee Elinihaki alikaa kitandani, nyundo ya kugongea rimu mkononi. Alimpa Mungu nafasi aseme hata neno moja. Halikuja. Akaisukuma nyundo uvunguni, akajifunika shuka.

Hakuna mjumbe wa kamati aliyekuja kuuliza. Mwinjilisti alidhani saa yake imeharibika.

Jua lilipopanda, mlango ukagongwa, akafungua. Alikuwa Nakijwa, mjane wa ng'ambo ya korongo. Miguu yake ilikuwa imevimba, na tangu masika hakuwa ametoka nje ya ua wake. Alikuja akishikilia mgomba huu na huu, kanga imejaa tope.

"Shikamoo, Baba Eneza. Kumbe hujafa!"

"Marahaba. Bado. Umefikaje na miguu hiyo?"

"Kwa matusi. Nimekuja kuzika, nakukuta umejitanda shuka! Mbona hukugonga?"

"Simsikii tena Mungu, mama. Nimechoka kudanganya watu."

Nakijwa alijishusha kizingitini. Akakwangua tope kwenye kanga yake.

"Nani amekuambia mimi namsikia? Tangu nizike wanangu wawili, kimya. Nikifumbua macho najiuliza niamke kwa ajili gani. Halafu unagonga hilo lichuma lako. Najisemea, mwenzangu kule bado anaye. Basi nami naamka."

"Kumbe sinaye."

"Kumbe hunaye."

Mzee akakaa kando yake. Machozi yalimtoka Nakijwa, wala hakuyafuta. Mwishowe akasema, "Kesho gonga hivyo hivyo. Nami nitaamka hivyo hivyo."

Kesho yake rimu ililia. Mungu hakusema kitu. Ng'ambo ya korongo, moshi ukaanza kupanda kutoka jikoni kwa Nakijwa.

Taarifa ya kamati ndogo, ilipotoka, ilieleza kwamba siku moja kengele haikulia kwa sababu za kiufundi. Kilichotokea ni kwamba mzee alikata tamaa, na mwanamke asiyeweza kutembea akatembea kuja kumwangalia.

Funzo: Siku usiyomsikia Mungu, fungua mlango hata hivyo, huenda amekuja kwa miguu iliyovimba.