Mwasumini wa Mkasi na Mlangilangi wa Fumo

Paukwa!

Pakawa!

Sogeeni basi, mnisikie. Zamani, zamani sana, palikuwa na mke na mume waliogombana kwa sababu ya maua.

Mke akiitwa Mkasi, mume akiitwa Fumo. Walikuwa wamejenga nyumba mpya ya makuti, na mbele yake palikuwa na uwanja mdogo, mtupu. Mkasi alitaka mwasumini, kichaka cha maua meupe. Fumo alitaka mlangilangi, mti mrefu wa maua ya manjano.

"Kichaka kitaliwa na mbuzi," akasema Fumo.

"Na mti utajaza uwanja wote, bwana," akasema Mkasi.

Leo hivyo. Kesho hivyo. Fumo akashika jembe, tu! tu! tu! akachimba shimo katikati ya uwanja. Mkasi akalifukia. Fumo akachimba. Mkasi akafukia. Siku ya saba Mkasi akafunga nguo zake arudi kwao. Alimpenda mumewe bado, lakini kushindana kulimchosha.

Jirani akaenda kumwita Bi Mize, mkongwe aliyeotesha miche ya kijiji kizima. Akaja na mkongojo wake, ko, ko, ko. Hakuuliza nani mkosaji. Alitembea kutoka kwenye shimo hadi ukutani: moja, mbili, tatu, nne. Hatua nne tu.

"Fumo mwanangu, matawi ya mlangilangi huvunjika upesi. Upepo ukivuma yataangukia wapi?"

Fumo akatazama paa lake.

"Nawe Mkasi, mbuzi wa kijiji hiki umewafunga kamba?"

Mkasi akainamisha kichwa.

"Haya. Na mama amesemaje?"

Mama yake Fumo, Bi Tunu, alikuwa kipofu, akishinda barazani kutwa. Mke na mume wakatazamana. Siku saba zile, hakuna aliyemuuliza.

"Mimi sioni, wanangu," akasema Bi Tunu. "Nikipata ua la kufikia kwa mkono, nitashukuru."

"Mmesikia," akasema Bi Mize. "Mwasumini upandwe karibu na baraza. Fumo, kata miba uuzungushie. Mlangilangi wako upeleke shambani, ukarefuke huko."

Fumo alinuna siku mbili. Siku ya tatu akakata miba, kwa! kwa! kwa! Mkasi akafungua mzigo wake.

Masika yakaja, yakapita. Mwasumini ukachanua. Bi Tunu akapapasa majani, akachuma, akachuma, kisha akaomba uzi. Mkasi hakujua kwamba mkwewe ni mtunga maua. Vidole vikaenda, ua baada ya ua, bila kukosea hata moja.

"Njoo mwanangu, inama."

Akamvika koja shingoni.

Bi Mize alikwisha kufa, lakini pale kijijini bado anatajwa. Nanyi mnaonisikiliza, kabla hamjachimba shimo, pimeni nafasi mliyo nayo, kisha muulizeni kila anayeishi katika nyumba hiyo.

Hadithi yangu naitua hapa.