Fungu la Mgeni Chini ya Kawa

Hapo zamani za kale, wanangu, siku ambazo wanyama walijenga nyumba, wakafagia nyua na kusengenyana visimani, Panya aliishi na mumewe na watoto wao kumi na mmoja chini ya kihenge cha mahindi cha Mzee Nyati.

Nyati alikuwa mkubwa kama kichuguu, lakini alikuwa mgane. Mkewe alifariki mwaka uliotangulia, akamwachia vitu viwili: desturi na paka.

Desturi yenyewe ilikuwa hivi. Paka akinawa uso, mgeni yuko njiani. Basi fungu la mgeni lipakuliwe kwanza, tena lililo bora, lifunikwe kwa kawa. Likishafunikwa halirudi chunguni.

Marehemu alipokuwa hai, wageni walikuja kweli, maana alipendwa. Alipoondoka, walipungua, kisha wakakoma. Nyati hakuweza kuiacha desturi ya mkewe. Paka aliliona hilo mapema.

Paka huyo aliitwa Johari. Johari! Lo! Tumbo lilimning'inia kama mfuko wa pamba. Alilala juu ya mto wa sufi na kuchanwa manyoya asubuhi na jioni. Hakuwahi kukamata hata mende. Kazi yake ilikuwa moja tu: kungoja chungu kitokote, ainue mkono, anawe uso.

Lamba! Lamba! Lamba!

"Mgeni anakuja!" Nyati alikuwa akisema, na samaki alikwenda chini ya kawa. Mgeni hakuja. Jua likiinama, Nyati aliguna, "Haya, Johari, kisitupwe. Kula wewe." Yeye mwenyewe alikunywa uji.

Panya alikuwa akichungulia kutoka tunduni, akisonya. "Mwizi yule anaiba akiwa amelala," alimwambia mumewe. "Mimi nikiiba, angalau natoka jasho."

Masika yakaingia. Mchicha ukachipua hata njiani, kumbikumbi wakaruka, na kila nyumba ikatoka na majembe. Kwa Nyati kihenge kilikuwa kitupu kabisa! Kilichobaki ni mafungu manne ya mahindi ya mbegu, yaliyotundikwa juu ya jiko yapate moshi yasitobolewe na wadudu. Kesho yake angepanda.

Adhuhuri ile uji ulianza kuchemka. Paka akafungua jicho moja, akainua mkono.

Lamba! Lamba!

"Johari, baba, leo tusamehe," Nyati akasema. "Sina cha kumpa mgeni."

Lamba! Lamba! Lamba!

"Marehemu angeona aibu," Paka akasema kwa upole, macho kayafumba. "Mgeni atoke mbali, akute kawa tupu? Na mahindi yale yananing'inia tu?"

Nyati akayatazama mahindi. Kisha akanyoosha mkono juu ya jiko.

Kule chini Panya alipiga hesabu. Mbegu zikiliwa leo, hakuna shamba. Pasipo shamba hakuna mavuno, na wanawe kumi na mmoja wangetafuna nini, udongo?

"Baba Kumi na Mmoja," akamwambia mumewe, "waoshe watoto. Nikiita, mje kwa mlango wa mbele."

"Wa mbele? Umerukwa na akili, mke wangu?"

"Mgeni haingii kwa tundu."

Akajifunga kitambaa kichwani, akabeba kifurushi, akazunguka nyumba.

Ngo! Ngo! Ngo! "Hodi wenyewe!"

Mkono wa Nyati ukaganda hewani. "Karibu! Johari, umeona? Kweli mgeni kaja!"

Paka alikuwa ameona. Masharubu yalimsimama. Nyati hakuwa na desturi ya kutazama vitu vilivyo chini ya magoti yake, kwa hiyo hakumjua Panya. Paka alimjua vizuri sana.

Panya akaketi mkekani. "Usitungue hayo mahindi, Mzee. Mgeni ndiye huchagua. Mimi nimechagua uji."

Nyati akamletea uji. Panya akanywa matone matatu, akapangusa mdomo. "Nimeshiba. Na fungu la mgeni ni la mgeni, humpa amtakaye. Kula, mwenyeji wangu. Umekonda."

Nyati akala. Ulikuwa mwaka mzima tangu mtu amwambie kwamba amekonda.

Paka akasogea, akanong'ona, "We kijidudu, nitakutafuna."

"Nitafune basi," Panya akanong'ona. "Mle mgeni uliyemtabiri mwenyewe."

Paka akarudi nyuma. Njaa ilikuwa inamuuma, na mkono wake ulizoea. Akanawa uso tena, kwa hasira. Lamba! Lamba!

"Mwingine tena?" Nyati akashtuka.

"Ni mume wangu," Panya akasema. "Na watoto. Baba Kumi na Mmoja, ingieni!"

Chwi, chwi, chwi, chwi! Wakaingia kwa mstari, wameoga vizuri, kila mmoja akiamkia, "Shikamoo, babu! Shikamoo, babu!"

Hapo Paka akashindwa. "Wageni gani hawa?" akabweka kama si paka. "Wamezaliwa chini ya kihenge chako! Nawasikia wakitafuna kila siku!"

Nyati akageuza shingo.

"Unawasikia?" Nyati akauliza taratibu.

"Kila siku, nakwambia!"

"Tangu lini?"

"Tangu masika yaliyopita! Yule mdogo amezaliwa nikiwa nimelala hapo juu ya..." Paka akaufunga mdomo, lakini maneno yalikuwa yameshatoka.

"Panya wamekula kihenge kizima," Nyati akasema, "na wewe ukalala juu yao, ukinitangazia wageni."

"Mzee, mimi nanawa tu! Uso ukichafuka mtu hunawa!"

"Mwaka mzima umekuwa ukinawa tu."

"Sasa nitakula nini?"

Nyati akaelekeza pembe moja mkekani. "Si unawajua? Wageni wako hao."

Paka akaruka. Alikuwa hajaruka mwaka mzima. Panya, mumewe na watoto walikwishafika tunduni, chwi! wakatokomea mmoja baada ya mwingine. Paka akaingiza kichwa, akaingiza mabega, kisha likafika tumbo lile lililolishwa samaki wa mgeni. Puu! Akakwama, miguu ya nyuma ikipiga teke hewa.

"Mzee! Nivute! Mzee wangu!"

Mbele ya pua yake, gizani, Panya alikuwa akiwahesabu wanawe. Walitimia.

Nyati hakumvuta. Alitungua mahindi ya mbegu, akachukua jembe, akaenda kupanda, maana mvua ilikuwa imeshaanza.

Uongo unaokulisha leo ndio utakaokukwamisha kesho.