Ufunguo wa Tembe la Mvinyo

Mbukwenyi, hamjambo wote! Aliye na karanga mdomoni ameze kwanza, maana nikicheka mtacheka, na mkicheka mtapaliwa. Huko mbele hatutacheka, nawaambia mapema msije mkanilaumu.

Kulikuwa na mama mmoja huku kwetu Dodoma, kwenye zabibu, anaitwa Sechelela. Mjane. Umbo dogo, sauti kama king'ora! Akiita mbuzi wake, wanakuja na wa kijiji cha pili. Kha kha kha! Marehemu mumewe alimwachia shamba la mizabibu kwenye mteremko na watoto watatu wakubwa, kila mmoja na chake alichojaliwa.

Chibago, wa kwanza, kuchimba. Huyo ukimpa sururu umempa pilau. Shimo alilolichimba mwenyewe alitembea ndani yake gizani kama wewe unavyotafuta mto kitandani kwako.

Wendo, binti, upepo. Analamba kidole, anakiinua, anasema, "Mama, anua nguo." Mbingu nyeupe pee! Unamcheka. Ukimaliza kucheka, nguo zako ziko kwa jirani.

Madeje, kitinda mimba, udongo. Anaufinyanga, anaunusa, mimi nadhani hata alikuwa anauonja. Ukuta wake ukiupiga teke, unaolia ni mguu.

Sasa mvinyo, wanangu, hautaki joto. Wenzao walijenga mabanda ya bati wakaweka mashine za baridi. Umeme ukikatika, mvinyo wote siki. Sechelela akasema, "Mimi najenga tembe, kama la bibi yangu, ila kubwa, na wageni walale humo humo." Watu wakamcheka. Wageni wa mjini kwenye nyumba ya udongo!

Chibago akachimba ghala ndani ya mteremko, akachimba mpaka akaufikia udongo wa baridi, ule ambao hata kiangazi ukiulalia unaomba blanketi.

Udongo ule ule uliotoka shimoni, Madeje akaupandisha kuta, nene hizo! Hakuna lori la mchanga, hakuna nini. Juu ya ghala akaweka vyumba vya wageni na baraza ya kuonjea mvinyo, paa la udongo juu ya magogo, kama wazee walivyoezeka.

Wendo akasimamisha dohani ndefu kutoka ghalani mpaka juu ya paa, mdomo wake kaugeuzia upepo. Upepo unaingia, unashuka, ghala linapumua. Na ukipita pale juu dohani inaimba, mluzi mwembamba, mpaka shambani unausikia.

Wageni wakaja wengi! "Kiyoyozi kiko wapi?" wanauliza, wanakitafuta nyuma ya pazia. Kha kha kha! Hakipo, baba, hiyo ni baridi ya ardhi!

Haya. Tembe lile lilikuwa na mlango mmoja mkubwa na ufunguo mmoja, Sechelela kauvaa shingoni. Magoti yakawa yameanza kumgomea, akawaita watoto. "Mavuno haya yakiisha, ufunguo namkabidhi mmoja wenu. Mmoja tu! Nyumba ya baba yenu mkubwa mliiona. Waligawana vyumba, kila mtu akauza chake, leo ni fremu za vocha na choo cha kulipia."

Hapo ndipo mdudu alipoingia.

"Bila shimo langu mvinyo mngeweka wapi, kwenye sufuria?" Chibago huyo.

"Shimo lisilopumua ni kaburi, kaka," Wendo anamjibu.

"Na nyie nyote mnalala ndani ya nini?" Madeje naye.

Kila mmoja akaapa: akipewa mwingine, mimi naondoka. Sechelela akawa anakula hashibi. Akimwita mmoja amletee maji, wawili wananuna. Mwisho akaacha kuwaita. Mwanamke mwenye sauti ile, ndani ya nyumba yake, kanyamaza!

Msimu wa kukamua ukafika. Mnajua juisi ya zabibu inachemka yenyewe pipani bila moto? Ikichemka inatoa hewa nzito. Huioni. Inajaa chini kama maji, na ukiivuta unalala, huamki. Wendo alishasema, "Mama, wakati wa kuchemka dohani isizibwe kabisa."

Asubuhi moja mgeni mmoja, kitambi na kofia ya pama, akalalamika. "Mama, harufu ya chachu inapanda na dohani mpaka kitandani. Chai imenishinda."

Aibu ikamshika Sechelela. Amwite Wendo? Wenzake watasema kampendelea. Akapanda ngazi mwenyewe, na magoti yale yale, akaikaba dohani kwa magunia.

Baadaye akashuka kuangalia mapipa. Kibatari kikazimika mkononi. Akasema, "Upepo huu!" Halafu akakumbuka upepo kauziba mwenyewe. Akaanguka. Ufunguo ukalia sakafuni.

Kule shambani Wendo akainua kichwa. "Dohani haiimbi." Wakatupa vikapu, wakakimbia wote.

Chibago akavuta pumzi mlangoni, akazama gizani. Akapapasa mpaka akampata mama, akamburuta mpaka chini ya ngazi. Pumzi ikaisha. Akamwangukia juu.

Madeje akazunguka upande wa mteremko. Ukuta wa ghala upande ule, alikuwa hataki hata mbuzi ajikune hapo. Akaupiga sururu, analia, anapiga, mpaka ukatoboka kwa chini. Hewa nzito ikamwagika kuelekea mizabibuni. Kuku waliokuwa pale wakalala na hawakuamka.

Wendo akapanda paani. Magunia yamekwama. Akavuta kwa uzito wake wote, yakachomoka, akaanguka nayo mpaka chini, mkono ukavunjika. Lakini upepo ukashuka.

Chibago akakohoa. Kisha mama akakohoa.

Nesi alipokuja akawatazama watatu. "Angekosekana mmoja wenu, saa hizi tungekuwa tunachimba."

Mnadhani walikumbatiana? Thubutu! Tundu la ukuta liliingiza joto, mvinyo wote wa msimu ukawa siki. Kifua cha Chibago kinapiga filimbi mpaka leo. Mkono wa Wendo haukunyooka. Madeje kaziba tundu, lakini kiraka kile hataki kukitazama. Sechelela aliwaambia, "Magunia niliweka mimi." Wakainama. Na alilisema kwa kunong'ona, maana sauti yake haikurudi. Mbuzi wake hawamsikii tena.

Mavuno yameisha. Wamesimama barazani, kila mmoja na begi miguuni.

"Mama, nilikufuata gizani," anasema Chibago.

"Nilikuvunjia nyumba yangu," anasema Madeje.

Wendo kaushika mkono wake uliopinda.

Sechelela kauvua ufunguo shingoni. Yeyote atakayempa, wawili wanabeba mabegi. Na wewe pale nyuma, usiniambie agawe, nimeshakwambia habari ya fremu! Usiniambie auweke mwenyewe pia, ngazi zile hazipandi tena.

Haya, huyo Sechelela ni wewe. Ufunguo uko kiganjani, una joto la shingo yako, na watoto wako wanakutazama. Unanyoosha mkono kwa nani?