Mtaa Ambao Kila Mtu Alikufa Juzi

Wametuhadithia waliotutangulia, Mungu awarehemu, kwamba huko Ulaya, katika nchi moja ya theluji, palikuwa na mfalme aliyewapenda raia zake kupita kiasi. Alisoma vitabu vya wenye hekima mpaka macho yakamuuma, kisha akaamuru. Viazi vipandwe, vikapandwa. Mateso gerezani yakome, yakakoma. Kila mja aabudu kwa dini yake. Waislamu wachache waliohamia kule wakajenga msikiti, wakashukuru. Ila kumuuliza raia neno, hakujua. Kwani mchungaji humuuliza kondoo?

Siku moja akasoma kwamba wapo watu wanaozikwa wangali hai. Akaamuru: kila maiti akae siku tatu ndipo azikwe.

Baada ya hapo, alfajiri moja, Bi Gulizari akafiwa na mumewe, mshona hatamu za farasi. Usia wa marehemu ulikuwa mmoja tu: asicheleweshwe kuzikwa.

Jirani yake, Bi Safura, akamnong'oneza, "Shoga, unahangaika nini? Mwambie karani wa makaburi amekufa juzi. Sote ndivyo tusemavyo."

"Mume wangu hakupata kunidanganya. Leo nimsindikize kwa Mola wake kwa uongo?"

"Haya, kaa naye basi, umpikie na uji!"

Bi Gulizari akajitanda shali, akaenda kusimama kwenye lango la bustani, ambapo mfalme alizoea kusikiliza shida za wanyonge akitembea.

"Mfalme wangu, mume wangu amekufa leo. Naomba azikwe leo."

Mfalme akasimama ghafla. "Leo? Unatoka mtaa gani?"

"Mtaa wa Waislamu."

"Ajabu! Tangu nitoe amri, kule kwenu hakufi mtu leo. Wote hufa juzi."

Bibi akainamisha kichwa, aibu ya jirani zake ikamshika. Lakini akasema, "Umetufundisha uongo, mfalme wangu, wala hukukusudia."

Askari wakashika panga. Mfalme akawazuia. "Nilichelea msizikwe hai."

"Najua, na Allah akulipe kheri. Lakini hukutuuliza."

Mfalme akamsogelea. "Haya, nakuuliza. Ungekuwa mimi, ungefanyaje?"

"Ningemtuma tabibu. Akisema amekufa, tuzike. Akisema yu hai, nani atafurahi kunishinda?"

Tabibu akaja, akaweka kioo puani pa marehemu. Bi Gulizari, aliyejua fika kuwa mumewe amekufa, alikitazama kioo kile kwa tamaa hata hivyo. Hakikupata ukungu wa pumzi. Alasiri ile mumewe akazikwa, na amri ikabadilishwa nchi nzima. Bibi akasujudu huku akilia, akimshukuru Mola wake, kisha akamwombea mfalme dua, akimtaja kwa jina.

Enyi waumini, asiyewashukuru watu hamshukuru Mungu. Mtawala mwema ni neema, tumwombee. Nawe unayeamua peke yako nyumbani mwako, ukidhani kila akuitikiaye ameridhika, hebu hesabu: kwako wangapi wamekufa juzi?