Nyani wa Fundi Rangi

Wahenga hawakuichukia akili. Walichoonya ni ile akili inayomfanya mtu azunguke mlima mzima akikwepa kichuguu, ndiyo maana wakasema akili nyingi huondoa maarifa. Fundi rangi mmoja aliijua methali hiyo tangu utotoni, ila alidhani inawahusu wengine.

Yeye na mkewe walikuwa na shamba dogo la mahindi kando ya msitu, na mahindi hayo ndiyo yaliyokuwa chakula chao cha mwaka mzima. Mahindi yalipoanza kukomaa, nyani wakaanza kushuka. Jirani yao, mama mmoja mshona nguo, aliwapangia watu zamu za kulinda mashamba yote. Fundi rangi alikataa katakata.

"Nikae kutwa nzima nikitazamana na nyani?" alimwambia mkewe. "Mimi nina dawa yao."

"Baba Watoto, dawa ya nyani ni macho ya mtu," mkewe akamjibu. "Tukijitoa kwenye zamu, nani atatulindia?"

Hakusikia la mwadhini wala la mteka maji msikitini. Aliunda mtego wa mbao katikati ya shamba, akawa anaweka mahindi mabichi ndani yake kila asubuhi bila kuutega, ili nyani wauzoee. Siku ya tano akautega, akanasa nyani jike, kijana bado. Alifunga brashi kwenye fimbo, akampaka rangi nyeupe ya mafuta kupitia upenyo wa mbao, kisha akamfungulia.

Nyani yule akawakimbilia wenzake. Wenzake walipomwona walitimua mbio, na kadiri alivyowafuata ndivyo walivyozidi kukimbia. Fundi alicheka hadi mbavu zikamuuma. Mkewe hakucheka, alimwonea huruma mnyama aliyekuwa akiwalilia ndugu zake.

Kwa siku tatu shamba lilikuwa shwari, na fundi akawacheka majirani waliokuwa wakichomwa na jua. Siku ya nne, nyani jike mzee, pengine mama yake, alimsogelea yule mweupe, akamnusa, akaanza kumtafuta chawa. Wengine nao wakamzoea. Basi yule mweupe akatangulia moja kwa moja hadi pale alipozoea kuandaliwa mahindi, na kundi zima likamfuata.

Mashamba mengine yalikuwa na walinzi. La fundi halikuwa na mtu, naye alikuwa kazini, juu ya ngazi. Mkewe aliposikia kelele alitoka mbio akigonga sufuria. Nyani walimtazama, wakaendelea kula. Majirani walipofika kumsaidia, yalibaki mabua matupu. Mke alikaa chini akalia.

Jioni fundi alikwenda kwa mshona nguo, kofia mkononi.

"Mama, niingize kwenye zamu."

Mama yule aliacha kushona, akamtazama bila kejeli.

"Kulinda nini, mwanangu?"

Fundi alivaa kofia yake, akarudi kwenye mabua yake. Kweli, akili nyingi huondoa maarifa.